AC ya gari imeacha kupoza: uongeze gesi, uvute vakyumu au utafute tundu?

Kaskazi ikianza kuvuma Tanga, gereji zinazoshughulika na AC za magari hujaa, na ombi la wateja karibu wote ni moja: "Fundi, niongezee gesi." Ombi hilo limewala watu pesa nyingi. Gesi ya AC si petroli. Haiungui wala haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inakuwa kimiminika kwenye kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), inakuwa mvuke kwenye evaporeta (kipoozeo kilicho ndani ya dashibodi), inarudi kwenye kompresa (pampu inayoisukuma), ile ile siku zote. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye hozi za mpira na sili ya kompresa, lakini upungufu huo huchukua miaka kuonekana. Gari lililojazwa Januari likafika Machi linapuliza joto, lina tundu.

Mwenye gari ana njia tatu mbele yake: kuongeza gesi juu ya iliyobaki, kutoa yote, kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu wote mabombani) na kujaza kwa mizani, au kutafuta tundu kwanza, kulitengeneza, ndipo avute vakyumu na kujaza. Gharama hupanda kwa mpangilio huo huo. Kila njia ina gari lake.

Huenda gesi haina kosa

Kabla hujalipia lolote, tumia dakika kumi. Washa injini na AC kwenye baridi ya mwisho, fungua boneti, na weka mikono, mikono ya kanzu na ncha za mtandio mbali na mkanda na feni, kwa sababu feni ya umeme hujiwasha ghafla. Sikiliza mlio wa "ta" wa klachi ya kompresa (kiunganishi kati ya puli na kompresa) ikishika. Puli huzunguka muda wote injini inapowaka, lakini kwenye kompresa zenye klachi sahani ya mbele huzunguka pale tu klachi inaposhika. Kama haishiki, chunguza fyuzi, rilei na waya wa klachi. Inawezekana pia gesi imeisha kabisa na swichi ya presha imezuia kompresa isiwake ili isijiue.

Dalili moja hudanganya wengi: gari linapoza vizuri likiwa mwendo kwenye barabara ya Segera, likisimama kwenye foleni mjini linapuliza uvuguvugu. Hapo anza na feni ya kondensa na uchafu wa kondensa yenyewe. Ukiongeza gesi kwenye gari hili utapandisha presha iliyokwisha kupanda, na utaumiza kompresa.

Upepo ukiwa mdogo lakini baridi, tazama filta ya kebini. Kwenye Toyota nyingi ndogo imekaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria na hutoka bila spana. Gari linalopita vumbi la chokaa upande wa Pongwe linahitaji filta hiyo ikaguliwe mara kwa mara, bila kusubiri mwaka uishe. Maji yakimwagika miguuni kwa abiria, kipitishio cha maji cha evaporeta kimeziba. Ni kazi ya kukizibua tu.

Kuongeza juu ya iliyobaki

Fundi hufunga hozi kwenye mdomo wa presha ndogo, anawasha injini, anafungulia kopo au mtungi, anatazama geji, anafunga. Robo saa imetosha na bei ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayejua ndani kulikuwa na gramu ngapi. Magari madogo mengi yanabeba kati ya gramu 350 na 550, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwenye gari la gramu 400, ukikosea gramu 100 umekosea robo ya mzigo wote.

Geji haiwezi kukuokoa hapa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwenye joto la nyuzi 30 gesi ya R134a, ya magari mengi, huonyesha karibu psi 97 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha), iwe ndani mna gramu 150 au 500, mradi bado kuna kimiminika kidogo. Presha inakuambia joto na aina ya gesi. Wingi haikuambii. Injini ikiwaka, usomaji wa upande mmoja nao hupandishwa na hushushwa na feni, mwendo wa injini na joto la siku.

Gesi ikizidi, AC hupoza kidogo kuliko mwanzo. Kimiminika hujaa kondensa, nafasi ya kutoa joto inapungua, presha kubwa inapanda. Mteja hurudi akilalamika, anaongezewa tena, na hapo kompresa huanza kulia.

Jambo la pili husahaulika: gesi ikitoka, hutoka na mafuta. Kompresa haina bakuli la mafuta kama injini. Mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Gari linaloongezewa gesi mara nne bila tone la mafuta linaelekea kukaza kompresa.

Hatari za njia hii ni za kweli. Kopo likifungwa upande wa presha kubwa injini ikiwa inawaka, linaweza kupasuka mkononi. Midomo ya R134a imetengenezwa kwa ukubwa tofauti makusudi, wa presha kubwa ni mpana zaidi, kwa hiyo ukiona mtu analazimisha kiungio, mzuie. Kopo lisigeuzwe juu chini injini ikiwaka, kwani kimiminika kikiingia kwenye kompresa huvunja valvu zake. Na mtungi ukipoa na kutoa polepole, uweke kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu. Jiko, moto wa gesi na maji yanayochemka visiukaribie kabisa.

Ichague njia hii kama gari lilijazwa kwa mizani miaka miwili au mitatu iliyopita, bado linapoza kiasi, na huoni unyevu wa mafuta popote. Mara moja. Ukijikuta unairudia mwaka huo huo, ulikwisha kukosea kuchagua.

Vakyumu na mizani

Kwanza gesi iliyomo inanyonywa kwa mashine hadi kwenye mtungi wake. Wengi hulegeza tu valvu ikafuka hewani. Kilo moja ya R134a inapasha joto angahewa sawa na karibu tani 1.4 za hewa ukaa kwa miaka mia, na anayeifukiza ndani ya shimo la gereji anajitafutia kifo, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kusukuma oksijeni nje. Ikirukia ngozi inagandisha, maana huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Miwani na glavu ni lazima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima, usifikiche, kisha nenda hospitali.

Baada ya hapo pampu ya vakyumu inafungwa pande zote mbili, na sindano ya geji ya bluu (ya presha ndogo) inashuka hadi karibu inchi 29 za zebaki chini ya sifuri. Kazi ya hatua hii ni kukausha. Hewa ikipungua kiasi hicho, maji huchemka kwenye joto la kawaida la mchana wa Tanga na mvuke wake unavutwa nje. Hewa ya pwani yetu imebeba unyevu mwingi, hivyo mfumo uliokaa wazi unahitaji dakika 45 hadi saa nzima. Dakika kumi za pampu ni kiini macho. Tone la maji likibaki huganda kwenye ekspansheni valvu (kijitundu kinachopitisha gesi kwa kipimo kuingia evaporeta): gari linapoza robo saa, baridi inakatika, unazima, ukiwasha baada ya muda linapoza tena. Maji hayo yakichanganyika na gesi na mafuta hutengeneza tindikali inayokula alumini kwa ndani.

Halafu pampu inazimwa, valvu za geji zimefungwa, na macho yanakaa kwenye sindano kwa dakika 15 hadi 20. Ikipanda kidogo na kusimama, bado kuna unyevu, vuta tena. Ikipanda bila kusimama mpaka sifuri, kuna tundu. Ikitulia kabisa, mafundi wengi husema "mfumo mzima", na hapo ndipo njia hii inapokosea. Vakyumu husukuma kutoka nje kwenda ndani kwa takriban psi 15 tu. Kazini, upande wa presha kubwa unasukuma kutoka ndani kwenda nje kwa psi 200 na zaidi. Oringi (mpira wa duara unaoziba kiungo) iliyochoka inaweza kubanwa na vakyumu ikashika vizuri, kisha ikavuja siku gari linapofanya kazi.

Kujaza kunafanywa mtungi ukiwa juu ya mizani, mpaka gramu za kibandiko zitimie. Sehemu ya kwanza inaweza kuingia kwa presha kubwa injini ikiwa imezimwa. Iliyobaki huingia kama mvuke kwa presha ndogo injini ikiwaka, valvu nyekundu (ya presha kubwa) ikiwa imefungwa. Kwenye joto la nyuzi 32, injini ikizunguka 1,500 kwa dakika, tarajia psi 30 hadi 45 upande mdogo na 200 hadi 250 upande mkubwa, na upepo wa nyuzi 6 hadi 12 kwenye kipulizio cha katikati cha dashibodi. Siku yenye unyevu mwingi, nyuzi 12 si kosa.

Njia hii inafaa gari lililobadilishwa kifaa tayari, au lililonunuliwa ambalo historia ya gesi yake haijulikani. Kwa gari linalovuja, ni kulipia kazi safi ili gesi mpya itokee pale pale. Swali la kumpima fundi ni jepesi: "Fundi, gari yangu inabeba gramu ngapi?" Asiyetazama kibandiko wala kutafuta, akakujibu "tutaona kwenye geji", hana mizani.

Kutafuta tundu kwanza

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa magari mengi ya Tanga, na sababu yake ni bahari. Upepo wa chumvi kwa magari yanayolala Raskazone au yanayopita njia ya Pangani hula mapezi ya kondensa mpaka yanakuwa unga mweupe unaopukutika kwa kidole, kisha chumvi inaingia kwenye vijibomba. Anza kutazama hapo, hasa pembe za chini ambako tope hutulia. Unachokitafuta ni doa jeusi, bichi kidogo, lenye vumbi lililogandamana: mafuta yaliyotoka na gesi. Halafu tazama viungo vyote vya mabomba, na midomo ya kujazia, ambayo ndani ina kijivalvu kama cha tairi. Vifuniko vyake vya plastiki vikipotea, mchanga huingia. Sili ya mbele ya kompresa ikivuja huacha mstari wa mafuta uliorushwa kwa duara chini ya boneti. Evaporeta imefichwa ndani ya dashibodi, na kuifikia kunaweza kumaliza siku nzima, kwa hiyo usikubali ifunguliwe kwa kubahatisha.

Macho yakishindwa, mfumo uliokwisha kunyonywa gesi unajazwa naitrojeni kavu kupitia regyuleta, karibu psi 150, na maji ya sabuni yanapakwa kila kiungo. Tundu dogo halitoi povu kubwa. Hutoa kishada cha vijipovu kama povu la nazi iliyokunwa, kinachokua polepole ukitulia kukitazama. Subiri nusu saa. Mtungi wa naitrojeni una presha kubwa mno, bila regyuleta hozi hupasuka. Oksijeni ya kuchomelea isitumike kamwe, hata kwa sekunde: ikikutana na mafuta ndani ya presha hulipuka. Upepo wa kompresa ya matairi nao hauingii humu. Una unyevu, na R134a iliyochanganyika na hewa chini ya presha inaweza kushika moto.

Rangi inayong'aa kwa taa ya zambarau inasaidia kwa tundu linalovuja polepole: inawekwa kidogo, gari linatumika wiki, linarudi. Dawa ya kuziba tundu tunaikataa. Huganda mahali pasipotakiwa, huziba ekspansheni valvu, na huharibu mashine ya kunyonyea ya gereji inayofuata.

Kiungo kikifunguliwa, oringi hubadilishwa kwa ya R134a na kulowanishwa mafuta yale yale ya kompresa, bila grisi. Tumia spana mbili, moja ishike na nyingine ikaze, la sivyo bomba la alumini linajinyonga. Draya ibadilishwe kila mfumo unapofunguliwa kubadilisha kifaa kikubwa au ukikaa wazi, kwa sababu chembe zake za kunyonya unyevu hushiba haraka kwenye hewa hii. Mafuta yanarudishwa kwa kipimo: kondensa mpya huchukua takriban mililita 30 hadi 40, evaporeta karibu 40, draya karibu 10. Aina imeandikwa kwenye kompresa. Kopo la mafuta ya PAG likiachwa wazi hunywa unyevu wa hewa, nunua dogo na lifunge.

Gesi yenyewe

Magari mengi ya mitumba yanayotembea hapa ni ya R134a. Ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitoka na R12, gesi inayotoboa tabaka la ozoni na iliyoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Hayo yanahitaji kubadilishiwa mafuta, oringi na draya ili yapokee R134a. Baadhi ya magari mapya hutumia R1234yf, ghali zaidi, inayoweza kuwaka kidogo, yenye midomo yake tofauti. Soma kibandiko na usichanganye.

Kuna R22 ya viyoyozi vya nyumbani, ambayo wengine huijaza kwenye gari kwa kuwa ipo. Kwenye nyuzi 30 inasimama karibu psi 158, juu sana kuliko R134a, na hozi na oringi za gari hazikutengenezewa hiyo. Hapa geji ina faida: gari limelala kivulini, injini ni baridi, sindano inasoma psi 150, basi humo mna gesi nyingine au hewa. Na kuna wanaojaza gesi ya kupikia. Inapoza, na ndiyo maana watu hudanganyika. Evaporeta ikivuja, gesi hiyo inaingia ndani ya gari mlimo watoto, na cheche moja inatosha. Usikubali kwa bei yoyote.

Kondensa na kompresa: mpya au mtumba?

Kwa kondensa tunachagua mpya, hata ya kampuni isiyo maarufu. Ya mtumba imekwisha kukaa na chumvi ya gari lingine, na mara nyingi imelala dukani midomo wazi. Kwa kompresa, mtumba safi kutoka gari la aina hiyo hiyo ni uamuzi unaokubalika. Izungushe sahani kwa mkono: iende laini bila kukwama. Mimina mafuta yake kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa meusi au yanang'aa kwa chembe za chuma, iache. Na kama kompresa yako ya zamani ilisagika, vumbi lake la chuma tayari limefika kwenye kondensa. Ukifunga kompresa peke yake, hata mpya, litaiua nayo. Bomba zioshwe, na kondensa na draya zibadilishwe pamoja.

Gari la haibridi kama Prius au Aqua lina kompresa ya umeme yenye waya za rangi ya machungwa zinazobeba umeme wa volti kubwa. Mafuta yake ni ya aina nyingine, yasiyopitisha umeme. PAG ya kawaida, hata iliyobaki ndani ya hozi za geji, huweza kuharibu kinga ya umeme na gari likagoma. Mpelekee mwenye vifaa vya haibridi tu.

Hita: kuikwepesha au kuitengeneza?

Tanga mjini hita ikivuja, dawa ya haraka ni kuunganisha hozi zake mbili zisipite ndani. Ni nafuu, na kwa anayezunguka Ngamiani na Chumbageni hakosi kitu. Lakini kuanzia Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, asubuhi za Juni na Julai kioo cha mbele huweka ukungu, na gari lisilo na hita lina nusu tu ya dawa: AC hukausha hewa, hita huipasha ili ibebe unyevu wa kioo. Zinafanya kazi zikiwashwa pamoja.

Hita dhaifu mara nyingi ina sababu mbili. Themostati (valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto) imetolewa, hivyo injini haifikii joto lake mlimani. Au maji matupu ya bomba yamejaza kutu na kuziba koili ya hita, rejeta yake ndogo iliyo ndani ya dashibodi. Injini ikiwa na joto, gusa kwa tahadhari hozi mbili zinazoingia ukutani mwa kebini: zote moto, mlango wa kuchanganya hewa umekwama, moja moto na nyingine baridi, koili imeziba. Harufu tamu ndani ya gari na utando wa mafuta kwenye kioo maana yake koili inavuja kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Rudisha themostati, jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka hozi ya juu ishikike mkononi bila kuunguza. Chini ya kifuniko hicho maji yamezidi nyuzi 100 bila kuchemka, na hulipuka usoni mara tu kinapolegea.